Taa Moja ya Kyungu na Kabange

Saa tatu asubuhi, wakati majirani zake wa mtaa wa Hewa Bora, huku Katanga, wanafungua madirisha ya maduka, Aristote Kabange anafunga ya kwake. Anateremsha pazia jeusi upande wa barabara, anaziba kwa utepe kila kitundu ambacho jua linapenyeza, kisha ananyoosha mkono mbele ya uso wake. Akiuona bado, anarudi kutafuta kitundu kilichobaki.

"Jua haisikie muntu," anasema akiwa amepanda juu ya kiti. "Taa, nikiiambia sogea, inasogea."

Mteja wa kwanza wa Jumamosi hii ni Joëlle, mshona nguo wa soko la jirani, ambaye leo anatimiza miaka thelathini. Amekuja na viatu vipya vyekundu ambavyo havitaonekana pichani, na hilo Aristote hamwambii. Anamkalisha kwenye stuli na kuwasha taa moja tu. Anaiinua juu kidogo ya kichwa chake, upande wa kushoto, halafu anaisogeza mbele na nyuma, taratibu, mpaka mwanga uruke pua na kutua kwenye shavu la pili, chini ya jicho, katika umbo dogo la pembetatu. Sehemu iliyobaki ya shavu hilo anaiachia kivuli.

Joëlle anachungulia kioo kilichotundikwa kando ya kamera. "Papa Aristote, mais ile upande ingine ya sura yangu iko wapi?"

"Iko pale pale, mama. Inapumuzika."

Joëlle anaangua kicheko, na kamera inalia hapo hapo. Maneno hayo Aristote huwaambia wateja wake wote, kwa sauti ile ile ya upole, huku kidole kikiwa tayari kimeshafika kwenye kitufe. Ni ujanja wake wa kazini, na wala hauonei haya.

Ana miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwembamba, na ana tabia ya kumwangalia mtu shavuni kabla ya kumwangalia machoni. Kazi hii alijifunza akiwa kijana kwa marehemu mzee Kasonde, aliyekuwa na studio yenye taa mbili mpaka moja ilipopasuka, na mzee asinunue nyingine. Wenzake walimcheka. Yeye akaendelea kupiga watu nusu mwanga nusu kivuli hadi watu wenyewe wakaanza kuja kuitafuta nusu hiyo. Alipofariki, Aristote alirithi taa pamoja na mazoea.

Siku hizi mazoea hayo hayashibishi. Simu zimemgeuza kila mtu kuwa mpiga picha. Zamani Jumamosi kama hii benchi lake lilikuwa linajaa. Leo akipata wateja sita anamshukuru Mungu. Picha kubwa ya ukutani ni dola kumi na tano, na ili aitengeneze anahitaji umeme, ambao mtaani kwao huja na kuondoka kwa hiari yake. Kinachomlisha ni picha za vitambulisho na picha za misiba. Familia inakuja na kadi ya mpiga kura ya marehemu, inaomba uso ule mdogo ukuzwe ili uwekwe mbele ya jeneza.

"Pale njo roho inaniuma," anasema. "Muntu alikuwa anapita apa ku mulango miaka yote, muzima. Sasa banamuleta mu kikaratasi."

Kuta za studio yake zimejaa nyuso. Lakini mgeni akizikagua vizuri ataona kwamba kuna uso mmoja unaokosekana, na huo ndio Aristote anaoutaka kuliko zote. Hakuna picha ya mama yake.

Si kwamba mama yuko mbali. Mama Victorine, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, anaishi barabara ya tatu kutoka hapo, na kila mchana humwekea mwanawe bukari, ugali wa huku, kwenye sahani iliyofunikwa. Ila kwa miaka kumi na miwili alikataa kukanyaga studio, na kila alipoombwa akae mbele ya kamera alitoa jibu moja: "Siku nitaona bana yangu bote babili mu foto moja, njo nitakaa."

Aristote ni pacha. Jina lake lenyewe linasema hivyo, kwa kuwa miongoni mwa Waluba wa Katanga pacha anayetangulia huitwa Kyungu, na anayemfuata huitwa Kabange. Kyungu wake ni Donat, anayefanya kazi chini ya ardhi mgodini, huko Kipushi. Babu yao alitoka Kabongo, kaskazini, kuja kufanya kazi ya reli, na mama yao alilelewa katika desturi zote za mapasa, kama mapacha wanavyoitwa huku.

Donat akinunuliwa shati, Aristote naye alinunuliwa. Mgeni akimpa mmoja karanga, sharti ampe na wa pili, hata kama amelala. Na picha nayo mama aliihesabu humo humo. Siku ya ubatizo walipigwa pamoja. Zilipohitajika picha za shule, alimwamuru mpiga picha awapige wote wawili kwa mpigo mmoja, kisha akaikata katikati kwa mkasi wake mwenyewe huku akiiomba radhi.

"Mapasa, hautenganishe," anaeleza mama. "Ukipatia mumoja kintu, ule mwingine iko anaangalia. Hata kama hasemi, iko anaangalia."

Aristote alipofungua studio yake, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alitaka picha moja ya dirishani ya kuwasimamisha wapita njia. Akamwita Donat na kumkalisha, akaiweka taa ya mzee Kasonde ubavuni kabisa, ikaangazia nusu ya uso. Nusu ya pili ilizama kwenye pazia jeusi lililotundikwa nyuma yake, hata sikio halikuonekana. Haijawahi kutoka mikononi mwake picha nzuri kama ile. Chini yake akaandika neno moja: Mapasa.

"Mi nilijiambia, ile nusu ya mwangaza ni Donat, na ile ya giza ni mimi," anasema. "Sura ni moja, non? Nilizani mama atafurahi." Anacheka kidogo, halafu anaacha. Ni kosa ambalo mtu asiyezaliwa pacha asingeweza hata kuliwaza.

Mama alikuja siku ya ufunguzi na sufuria ya wali na kuku. Akaiona picha. Akaweka sufuria chini, akavua kikwembe, kitenge chake cha mabegani, akaifunika picha kama anavyofunikwa mtoto aliyelala, akaenda zake bila kuonja chochote. Miezi miwili baadaye Donat alipata kazi Kipushi na kuhama.

"Umeona?" mama alimwambia Aristote. "Ulimuacha peke yake mu giza, sasa anaenda peke yake."

Aristote alikuwa ameshaiondoa dirishani na kuisukuma nyuma ya pazia. Kikwembe alikirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Picha ile hawakuizungumzia tena. Mapenzi hayakupungua hata chembe, na bukari haikukosa siku. Lakini kila mwaka mwana huyu aliahidi kwamba atawapiga wote wawili, na kila mwaka jambo likaahirishwa: mara zamu za Donat mgodini, mara umeme, mara uvivu tu wa wanaume wanaodhani mama zao wana muda usiokwisha.

Kisha macho ya mama yakaanza kumsaliti. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alimsalimu jirani aliyekwisha kupita. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa za matone zitachelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza amebakiwa na muda gani. Daktari hakutaka kumdanganya, akamwandikia matone.

Mwezi wa tatu mwaka huu Donat alipata likizo, na Aristote akaapa kwamba safari hii hatakosea. Aliazima taa ya pili, akazifunika zote mbili kwa vitambaa vyeupe ili mwanga uwe mwororo. Akaweka ubao mweupe magotini urudishe mwanga chini ya videvu. Akaondoa hata pazia jeusi na kutundika shuka jeupe. Kivuli hakikupata pa kukaa. Akaitega kamera ijifyatue yenyewe, akakimbia kuketi kando ya pacha wake. Ilitoka picha safi, mwanga sawasawa kwa wote wawili, ambayo hakuna mama duniani angeilalamikia.

Walimpelekea Jumapili baada ya misa, ikiwa ndani ya fremu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akatabasamu.

"Muzuri sana, bana yangu," akasema. "Munapendeza."

Alikuwa ameishika vichwa chini.

Donat ndiye aliyenyoosha mkono na kuigeuza taratibu, akijifanya anasifia fremu. Aristote alitoka nje, akaegemea ukuta wa jikoni, akalia.

"Miaka kumi na mbili aliniomba kintu moja tu," anasema sasa, akipangusa lenzi ambayo haina vumbi. "Siku namuletea, macho imeisha. Na anasema muzuri, juu asituumize."

Mambo yangeishia hapo kama si jua la kiangazi. Jumanne moja ya mwezi wa sita Aristote alikuwa anamtoa mama kwa daktari. Waliposhuka kwenye teksi, mng'ao wa ile barabara ya vumbi jekundu ulimchoma mama macho hata akashindwa kuendelea. Mahali pa karibu penye giza palikuwa ni studio. Mama alisita mlangoni. Kisha akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja, akafumba macho na kushusha pumzi.

"Apa iko muzuri," akasema. "Giza haiumize."

Aristote akawasha taa yake moja na kuigeuzia ukutani ili isimsumbue, akaenda kumtafutia maji. Asubuhi ile alikuwa amelishusha lile pazia jeusi la kupigia picha lifuliwe, na vitu vyote vilivyokuwa nyuma yake vilikuwa vimeegemea ukuta huo huo, mkabala na benchi. Hakuvifikiria kabisa.

"Kyungu anafanya nini pale?" mama akauliza.

Aristote akadhani amesinzia na anaota. Donat alikuwa Kipushi.

"Pale," mama akasema, akinyoosha kidole bila kuyumba. "Ile pua yake. Mudomo. Na ile kovu ya ku nyusi, siku alianguka ku ngazi ya kanisa."

Alikuwa anaitazama picha ya dirishani. Ile ile. Aliiona kutoka upande wa pili wa chumba, yeye ambaye juzi juzi alishindwa kuwatambua wanawe wakiwa mikononi mwake.

Glasi ya maji ilibaki mkononi mwa Aristote. Ile picha ya mwezi wa tatu, aliyoilainisha kila pembe kwa mapenzi, kwa macho ya mama ilikuwa ukungu mtupu: weupe juu ya weupe. Hii yenye mwanga mkali upande mmoja na weusi upande wa pili ilikuwa bado inamfikia. Kivuli alichokichukia mama ndicho kilichomchorea pua, mdomo na kovu, kimoja kimoja, hadi akavitambua.

"Mama, unamuona kweli?"

"Minamuona," mama akajibu. "Bado iko peke yake." Akainama mbele. "Lakini minamuona."

Siku hiyo hiyo Aristote alimpigia simu pacha wake mkubwa kumwomba aje. "Yaya, kuya Jumapili."

"Kuna nini? Mama?"

"Mama anaona. Kuya tu."

Jumapili, saa nane mchana, Donat anaingia studio akiwa na suti ya bluu inayombana tumboni. Ni sura ile ile ya Aristote, ila imenenepa kidogo, na mikono yake ni mipana ya mtu wa mgodi. Mama Victorine ameshakaa kwenye benchi na kikwembe chake kizuri. Hajaulizwa kama atakuja. Alikuwa mlangoni kabla ya mwenye studio.

Tatizo linaonekana mara moja. Taa ni moja, watu ni wawili. Aristote anaiweka kushoto, Donat anang'aa na yeye mwenyewe anapotelea gizani. Anaihamishia kulia, inakuwa kinyume chake. Ni kosa lile lile la miaka kumi na miwili, limevaa koti jingine. Na akiwasha taa ya pili, ukungu wa mama unarudi. Anajaribu juu, anajaribu chini, jasho linamtoka. Mama amekunja mikono kwenye benchi, anasubiri.

Donat anakohoa. "Kule chini, kila muntu iko na taa yake ku kofia," anasema. "Ukitaka kuzungumuza na mwenzako, haumumulike mu macho. Munageukiana, taa inapita katikati, na kila muntu anaona sura ya mwenzake. Weka katikati yetu, Kabange."

Aristote anamwangalia shavuni, kisha machoni. Anaining'iniza taa juu, katikati yao, pale ambapo kamera haitaiona. Wanageukiana. Mwanga unashuka na kugawanyika: nusu ya Donat, nusu ya Aristote, zile zilizo karibu na mwenzake. Nusu za nje zinaingia kwenye pazia jeusi. Hakuna aliyepewa zaidi.

Anapotaka kuitega kamera ijifyatue, mama anainuka kwenye benchi. "Nipatie mimi."

Wanamwekea mkononi kibonyezo cha kamera, chenye waya. Anakipapasa kwa kidole gumba. "Nibonyeze wakati gani?"

"Wakati utapenda, mama."

Wanaume wawili wa miaka arobaini na mitatu wanatazamana kwa karibu namna ambayo hawajatazamana tangu walipolala kitanda kimoja. Midomo ya Donat inaanza kutetemeka. Aristote anamnong'oneza asicheke, na hilo ndilo linaloharibu kila kitu. Wanaangua kicheko. Mama ameinamisha kichwa, anasikiliza. Vile vicheko viwili vinapofika mahali pamoja, anabonyeza.

Jumatano picha inarudi kutoka kwa mchapishaji, urefu wake mita nzima. Aristote anaitundika juu ya pazia jeusi, anaiwashia taa, na kwenda kumchukua mama kwa mkono. Baadaye anakiri alichokuwa ameazimia. "Kama angesema tena muzuri sana, mi ningefunga studio," anasema.

Mama anakaa. Anatazama muda mrefu. Kisha anainuka na kusogea mpaka pua yake inakaribia karatasi, anarudi nyuma, anasogea tena.

"Kyungu," anasema, akigusa uso wa kushoto. Kidole kinasafiri. "Kabange. Na wewe, mutoto ya pili, meno yote inje, kama haukufundishwa." Halafu anafungua kiganja na kukiweka pale katikati, ambapo nyuso mbili zinagawana mwanga. "Bote babili," anasema. "Bote babili. Minabaona."

Aristote anainama. Anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Baadaye, akiwa ametulia, anaeleza mpango alionao. Anataka kuwapigia wazee wengine wa parokia ambao macho yao yanakwenda: wajukuu wao, watoto wao, waume zao, taa moja, pazia jeusi, karatasi kubwa kadiri mashine inavyoweza. Bei atajuana na Mungu wake. Anasema hivyo huku akimsikiliza mama nyuma yake, kwa maana mama ameondoka kwenye picha na anapapasa kutafuta stuli. Anaipata. Anakaa, anaunyoosha mgongo, anarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Sasa mimi," anasema.

Ni neno ambalo Aristote amelisubiri miaka kumi na miwili, na sasa limekuja, naye anahangaika kama mwanafunzi. Haraka haraka anachukua kitambaa cheupe kufunika taa, ili mwanga uwe wa huruma kwa ngozi ya mama mzee. Anasema ataifanya nzuri, wataiweka sebuleni, bana ba bana yake watajua bibi yao alikuwa mrembo.

"Toa ile kitambaa," mama anamwambia. "Ile foto si ya sebule. Ni miaka mbili mi sioni sura yangu ku kioo, papa. Minajua tu mikono. Weka taa ya kali, uache mikunjo yote, na uifanye mukubwa kama ya bale babili. Ule mama nilizeeka naye. Nataka nimuangalie muzuri, mara moja, kabla macho ifunge."

Aristote anakitoa kitambaa. Taa, akiiambia isogee, inasogea, na mwanga unapanda taratibu kwenye shavu la mama yake.